Jinsi Nilivyomsaidia Nati Kuchagua Krenki

Jumatatu, 4 Agosti

Leo naanza kuandika. Mwanangu anaelekea kuwa mtu mkubwa, na mtu akishakuwa mkubwa watu humjia mama yake kuuliza alianzaje. Sitaki siku hiyo nijiumeume.

Binti yangu ni fundi wa injini. Naandika tena kwa sababu inapendeza: fundi wa injini! Anaitwa Nati tangu alipokuwa anatambaa. Aliokota nati ya baiskeli ya marehemu baba yake, akaing'ang'ania mpaka usingizi ukamchukua nayo mkononi. Kwa hiyo mimi ni Mama Nati. Shule yangu iliishia ya msingi, lakini tumbo langu limefika mbali.

Habari yenyewe hii hapa. Mwenye gereji anakofanya kazi, mzee tunayemwita Gasketi kwa kuwa, kama gasketi ya injini, kwake siri haivuji, macho yamemchoka. Anataka kumkabidhi mtu ufunguo wa chumba cha injini. Nimewahi kuchungulia dirishani: meza safi, taa nyeupe, sakafu unayoweza kumlaza mtoto mchanga. Asiye na ufunguo haingii. Wanaoutaka ni wawili. Nati wangu. Na Turbo, kijana wa jirani ninayegawana naye ukuta.

Mtihani wao ni bloki moja tupu, lile ganda la injini, ya gari la mashindano ya kupanda mlima. Kila mmoja achague vya kuingia ndani yake, avipange mezani Ijumaa ya wiki ijayo, aeleze sababu. Mshindi anaiunda injini, na ufunguo unakuwa wake.

Kikubwa humo ni krenki. Nati kanieleza wakati anavua viatu. Pistoni kazi yao ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, basi. Krenki ndiyo inayogeuza ule upandaji na ushukaji uwe mzunguko, magurudumu yakaenda. Nikamwambia nimeelewa, krenki ndiyo mama wa nyumba. Akacheka, akasema sijakosea. Sijakosea! Aliyesema ni fundi.

Lakini krenki yenyewe! Ameileta jioni kwa sababu gereji wanapiga msasa magari na vumbi ni jingi. Nikatarajia kitu cha kuita majirani. Loo! Chuma kimefifia, rangi ya panya, kimejipindapinda kama tangawizi. Imetolewa kwenye gari kuukuu. Ameisimamisha wima chumbani kwake, akaifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha, akaifunika shuka. Eti ikilazwa ovyo yaweza kupinda. Mimi mgongo unaniuma mwaka wa ngapi sijui, hajaniuliza hata siku moja nalalaje.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mama Turbo kuomba chumvi. Chumvi ninayo.

Nimeiona. Iko barazani kwake, juu ya kitambaa chekundu, mpya kabisa. Inang'aa mpaka nikajiona pua. Na mikono yake, ile mipindo inayoshika pistoni, ni mirefu kuliko ya krenki ya Nati. Mama Turbo akajifanya hajui kwa nini nimeganda pale mlangoni. Akaniambia kwa sauti ya kuonea huruma kwamba mwanawe amechagua yenye mkono mrefu, maana mkono mrefu unavuta pistoni mbali zaidi, injini inakuwa kubwa, na mlima wenyewe utaomba radhi.

Kisha akauliza ya binti yangu ikoje.

Sikudanganya. Nilisema tu kwamba yetu inang'aa kiasi kwamba tumelazimika kuifunika shuka, tusiumie macho.

Akasema angependa kuiona. Nikasema Ijumaa ipo, ataiona. Nikasahau chumvi. Akanifuata nayo hadi mlangoni, mwanamke mbaya yule.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeamua kumsaidia mtoto. Nati anajua injini, ila hajui watu. Watu huona kwanza, husikia baadaye.

Nikaenda kwa muuza vipuri wa kule nyuma ya soko la mbao. Sikwenda mikono mitupu, nilikwenda na kipimo. Niliipima krenki ya Nati kwa uzi wa kufumia, nikapiga fundo mwisho. Nikamwambia muuzaji nataka iliyo ndefu kuliko uzi huu, nene kuliko mkono wangu, na ing'ae. Akaniuliza ya injini gani. Nikamwambia ya mwanangu. Akauliza silinda ngapi. Nikamwambia zote, sisi si watu wa kubanabana.

Halafu akaingia ndani, nikasikia wanacheka, akarudi amekaza uso. Akanionyesha moja. Ee, ile ndiyo krenki! Watu wazima wawili waliinyanyua kwa kuhesabiana. Nikamwomba anipe nikamwonyeshe tu fundi wangu, akiikataa nairudisha. Akakubali haraka mno. Nikaileta kwa mkokoteni, tukaiweka mezani, meza ikapiga goti.

Nati aliingia, akaiona, akavua kofia kama mtu aliyefika msibani.

Akasema: Mama, hii ni ya lori la mchanga. Akasema bloki yao nzima ingeweza kulala ndani ya injini ya lori hilo na kujigeuza upande wa pili. Nikamwambia basi si nguvu hiyo? Akaketi. Mtoto wangu ana subira, sijui kaitoa wapi, baba yake hakuwa nayo wala mimi.

Akanielekeza kama mwalimu. Ziko krenki za kumiminwa: chuma kinayeyushwa, kinamwagwa kwenye kalibu, kinaganda. Ziko za kufuliwa: chuma chenye moto kinapigwa na kukandamizwa mpaka kinapata umbo. Ya kumiminwa ni kama keki, nzuri, lakini ikunje uone. Ya kufuliwa ni kama unga wa mkate uliokandwa na mtu mwenye hasira, unavutika kabla ya kukatika. Injini ya mashindano inazungushwa kwa fujo, akasema, na keki haipendi fujo. Akanionyesha ubavuni mwa krenki yake alama pana kama utepe, nayo ndiyo ushahidi kwamba imefuliwa. Ya kumiminwa huwa na mstari mwembamba tu.

Halafu akachukua nyundo ndogo, akaigonga taratibu. Ngiiiiii! Ikalia kama kengele, ikaendelea kulia hata baada ya mimi kuweka kikombe chini. Yenye ufa hailii hivyo, wala ya kumiminwa, akasema, hizo zinasema puu tu na kunyamaza.

Nilimtazama nikasema moyoni, huyu kweli nimemzaa mimi? Nimemzaa mimi.

Ya lori kesho inarudi kwa mkokoteni. Lakini ya Nati bado ni mbaya. Kulia vizuri si kupendeza. Hata mjomba wangu alikuwa na sauti nzuri.

Jumapili, 10 Agosti

Bombani. Mama Turbo mbele ya kina mama wote kasema kwamba siku hizi kizuri hakifunikwi shuka, kinachofunikwa shuka ni maiti.

Wakacheka. Hata yule ninayempa mbegu za maua kila mwaka, akacheka.

Nimejibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lakini ndoo niliyoibeba ndiyo ilikuwa tupu, wakacheka tena.

Basi. Nina mpango.

Jumatatu, 11 Agosti

Mtaa huu nina sifa moja ambayo hata adui haninyang'anyi: masufuria yangu. Ukiinamia sufuria langu unaweza kuchana nywele. Siri ni majivu yaliyochekechwa, mchanga laini kidogo, na ule waya wa kusugulia. Mkono usihurumie.

Nati alipokwenda kazini nikamfungua yule mgonjwa wa dirishani, krenki. Nikamlaza kwenye beseni nililomwogeshea Nati mwenyewe alipokuwa mchanga. Machozi yalinilenga, nakiri. Nikasugua! Nikasugua zile sehemu za mviringo kwanza, zile anazoziita shingo, kwa kuwa ndizo zinazoonekana. Nikaimba. Rangi ya panya ikatoka, weupe ukaja.

Nikagundua ina vitobo! Vidogo, kwenye kila shingo. Maskini mtoto wangu, kauziwa kitu kilichotobolewa na sijui nini, naye hakuona. Nikaviziba vyote kwa sabuni ya kipande, nikalainisha kwa kidole. Huwezi kujua paliwahi kuwa na tundu.

Nikamwagia maji ya moto, nikaianika juani. Nikaenda kuwasalimia watu kidogo. Niliporudi imeanza kuona haya, wekunduwekundu. Kutu! Nikaipaka mafuta ya kupikia ikatulia. Nikairudisha wima, shuka juu, fundo langu zuri kuliko lake.

Nikakaa kungoja furaha.

Nati akarudi, akaingia chumbani. Nikasikia shuka linavuliwa. Nikangoja. Nikaingia nikiwa nimeshatabasamu. Alikuwa anapitisha ukucha juu ya shingo ya krenki, taratibu, kutoka huku kwenda huku, na ukucha ulikuwa unasema krr, krr, krr.

Akaniuliza kwa upole nimeisugua kwa kitu gani.

Upole wa aina ile siupendi. Nikamweleza. Nikamwambia kama hajaridhika naweza kurudia pale palipobaki. Akasema hapana, Mama, asante. Akaketi sakafuni, krenki mapajani, kama mtu aliyemshika mtoto mwenye homa.

Ndipo akanieleza. Zile shingo zinazunguka ndani ya beringi, lakini hazigusani nazo. Katikati kuna oili, utando mwembamba kuliko unywele, na shingo inaelea juu yake. Ikikwaruzwa, utando unakatika, chuma kinalamba chuma, injini inajiua. Na vile vitobo ndimo oili inamopita. Alipofika kwenye vitobo akakikwangua kimoja kwa kijiti. Sabuni ikatoka. Akaitazama ile sabuni muda mrefu.

Nyingine hakuna, akasema. Krenki ya kufuliwa ya kuingia bloki ile, mji mzima alizunguka akaipata hii moja. Na Ijumaa ni hii.

Akaniapisha. Nimeapa kwa kaburi la baba yake: sitagusa tena krenki yoyote, ya mtu yeyote, maisha yangu yote. Mimi nikiapa nimeapa.

Sikula. Yeye alikula, akasema kazi ya kesho inataka nguvu. Simba huyu!

Jumanne, 12 Agosti

Nimemfuata Nati hadi kwa msaga krenki, fundi wa kuzilainisha shingo kwa mashine. Alisema nibaki nyumbani, nikasema nitakaa nje. Nimekaa nje, lakini mlango ulikuwa wazi na kiti kilikuwa ndani.

Msaga krenki ni mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaigeuza krenki, akauliza kama ilisombwa na mafuriko. Nati akasema hapana, ni mama. Yule mtu akatikisa kichwa polepole kama daktari aliyesikia jina la ugonjwa anaoufahamu. Akasema mama yake yeye aliwahi kuipaka krenki yake rangi ya mafuta.

Sasa niandike nilichokiona, maana ndicho watu watakachokuja kuuliza.

Mwanangu alitoa kifaa chake cha kupimia kwenye kitambaa laini. Akapima kila shingo, si mara moja, huku na huku, kwa kuwa kitu chaweza kuonekana duara na kisiwe duara. Anashika pumzi anapopima. Kuna mahali mashine ya jirani ilipiga kelele hadi mimi nikaruka, yeye hata kope hakupepesa. Akasema mikwaruzo haijaenda kina, ikisagwa robo ya milimita itatoka yote. Yule mtu akasema zilizoumia ni baadhi tu, azisage hizo. Nati akakataa. Zote, akasema, zilingane. Krenki si mkeka, huwezi kutia kiraka pale palipochanika. Shingo ikipungua, beringi itanenepa kiasi hicho hicho, nafasi ya oili ibaki ile ile aliyoitaka tangu mwanzo. Beringi nene zipo, akaenda kuzifuata mwenyewe kwa miguu.

Msaga krenki akaniuliza huyu ni nani wako. Nikamwambia. Akasema hongera. Nikamwomba arudie kwa kuwa mashine inapiga kelele. Akarudia.

Vitobo wakavisafisha kwa brashi ndefu na mafuta ya taa. Povu likatoka. Sabuni yangu ni nzuri, povu lilikuwa jingi.

Alhamisi, 14 Agosti

Krenki imerudi. Inang'aa! Shingo zote, kama kioo. Nikamwambia Nati kwamba tumefika pale pale nilipotaka kumfikisha mimi, isipokuwa kwa njia ya mzunguko. Hakujibu, alikuwa na msumari mdomoni.

Leo ni konrodi, yale mafimbo mafupi yanayounganisha pistoni na krenki. Ziko nne. Kaazima mizani ya sonara. Mimi nikashauri achague ile nzito, akaniambia anazihitaji zote nne, na zote ziwe na uzito mmoja. Moja ikizidi, injini ikizungushwa sana itatetemeka kama mtu mwenye siri. Basi anazipunguza zile nzito zifanane na nyepesi kuliko zote. Anapiga tupa mara mbili, tatu, anapuliza vumbi la chuma kama anayepuliza uji wa mtoto, anapima. Tena. Tena. Nikaona sindano ya mizani inasimama pale pale kwa fimbo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Wengine wamezaa madaktari. Sisemi neno. Lakini daktari hapimi miguu yako yote miwili kama ina uzito sawa.

Kesho ndiyo kesho. Nguo yangu ya kijani nimeshaipiga pasi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilimpelekea Nati chakula cha mchana gerejini. Mama Turbo naye kampelekea mwanawe. Sote tulikuwa tumevaa nguo za harusini kupeleka chakula. Tukapewa benchi moja.

Turbo alianza. Kijana ana mdomo, sikatai. Krenki yake ikametameta, mama yake akanikanyaga kidole kwa furaha. Akasema mkono mrefu, injini kubwa, nguvu nyingi. Mzee Gasketi akasema vizuri. Akasema ailaze ndani ya bloki, aizungushe.

Ikazunguka kidogo. Kong! Ikagota. Mkono mrefu ulikuwa unapiga ukuta wa bloki kwa ndani. Turbo akajaribu kinyume. Kong! Mzee akamuuliza kama alipima. Akasema aliona inatosha. Mzee akagonga krenki kwa nyundo: puu. Ya kumiminwa, akasema, na mlima wetu una kona nyingi, utaizungusha mpaka iombe maji. Akamwambia ile ni krenki nzuri ya gari la kwenda sokoni. Turbo akainama. Mama Turbo akautoa mguu wake juu ya wangu.

Zamu ya Nati! Hakusema mengi. Akagonga krenki yake, ngiiiii, mafundi waliokuwa nje wakageuka. Akailaza, akaizungusha kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Ikazunguka kama inateleza juu ya mtindi. Akaonyesha konrodi, akaonyesha beringi, akaeleza kwa nini pistoni nyepesi na si kubwa, akasema na kitu kuhusu dawa nyeusi wanayozipaka ubavuni kiwandani ziteleze zisikwaruze, lakini hapo nilikuwa namtazama Mama Turbo.

Mzee Gasketi akavaa miwani. Akainama juu ya shingo. Akasema hizi zimesagwa. Akasema krenki uliyoniambia wiki iliyopita ilikuwa ya kipimo cha kiwandani, haijaguswa. Imekuwaje?

Nikaona ufunguo kiunoni mwa Mzee. Nikamsikia Mama Turbo anavuta pumzi ya matumaini.

Nati akasema ilikwaruzwa kwa kusafishwa vibaya. Aligundua, akapima, akasaga zote, akabadilisha beringi. Mzee akauliza ni nani aliyeisafisha vibaya, maana kama ni yeye, mtu asiyejua kusafisha krenki hapewi chumba. Nati akatazama chini. Akasema krenki ilikuwa chini ya ulinzi wake, kwa hiyo kosa ni lake.

Mtoto wangu abebe kosa langu mbele ya Mama Turbo? Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba ni mimi, Mama Nati, niliyeisugua kwa majivu na mchanga na waya, na kwamba anayetaka kujua mkono wangu aje atazame masufuria! Na vitobo niliviziba mimi, kwa sabuni!

Mzee Gasketi akanitazama. Akamtazama Nati. Akauliza vitobo vyote? Nikasema vyote, sibagui. Mzee akaketi juu ya tairi, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Anacheka! Alicheka mpaka miwani ikadondoka, Turbo mwenyewe akacheka, fundi wa rangi akaja kuuliza kuna nini akaambiwa akacheka naye.

Alipopata pumzi alisema jambo. Kukwaruzwa si kosa, akasema, kila chuma kitakwaruzwa siku moja. Kosa ni kuufungia mkwaruzo ndani ya injini ukanyamaza. Aliyepona nyumba yenye mama kama huyu, injini haitamshinda.

Akafungua ufunguo kiunoni.

Naona niandike wazi ili isije ikapotoshwa: Mzee mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, kanitaja mimi, kisha ndipo akatoa ufunguo.

Nilimwambia Mama Turbo pole. Nilimwambia tena tulipofika nje, na tena ukutani.

Alhamisi, 28 Agosti

Imewashwa!

Nati aliiunda peke yake, mlango umefungwa, na siku za mwisho akamwita Turbo amsaidie kukaza boliti, kwa sababu, alisema, Turbo ana mkono mzuri akielekezwa. Mimi nisingemwita. Lakini ndiyo malezi niliyompa.

Tulisimama wote gerejini. Nati akazungusha kwanza bila moto, oili ipande ifike kila mahali, ipite kwenye vile vitobo. Alinitazama kidogo aliposema vitobo. Halafu akawasha.

Sijui niandikeje. Haikunguruma kama lori. Ilikohoa mara moja, ikajikuta, ikaanza kuimba, nyororo, imetulia. Nati akaweka glasi ya maji juu yake. Maji hayakutikisika! Kisha akaongeza mafuta na sauti ikapanda, ikapanda, ikapanda mpaka nywele zangu za mkononi zikasimama, glasi aliishika kwa mkono wake mwenyewe, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ile ya nati ya baiskeli. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kilichoelea leo kimeundwa na wa kwangu.

Mama Turbo akanishika mkono bila kujua. Nami sikuutoa.

Baadaye akaniuliza kwa siri ule waya wa kusugulia naununua wapi. Nikamwambia. Nati alisikia, akamfuata hadi kwake kumwapisha naye.

Jumatatu, 8 Septemba

Mambo yanafunguka! Gari limepanda mlima, limewaacha watu kwenye vumbi, na sasa mteja mwingine, mtu mzito wa magari ya mashindano, amemletea Nati injini yake. Hakumwomba Mzee. Amemwomba Nati kwa jina.

Kwa kuwa chumba cha injini kinapigwa sakafu upya, kaleta vitu vichache nyumbani. Vidogo kaviweka juu ya kabati, nyuma kabisa, kaninyooshea kidole na kunikumbusha kiapo changu. Nikamwambia sina haja ya kukumbushwa. Na kweli, krenki ya mteja nimeiona imesimama kule dirishani na sijaisogelea hata hatua. Mimi nikiapa nimeapa.

Ila nilipanda kigoda kufuta vumbi, nikaona boksi la pistoni. Mpya, nzuri, nyeupe. Nikazitoa nizitazame. Eti mpya! Ubavuni, kila moja, huku na huku, wameziunguza. Bonge la doa jeusi kama sufuria lililosahauliwa motoni. Zote! Na mtoto kazi zimemzidi, hajaona, kesho atazipeleka kwa mtu mzito zikiwa na masizi.

Pistoni si krenki.

Nimeshachekecha majivu. Doa linatoka, lakini linataka mkono.